AKIBA NI NGITILI YA NYUMBANI

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa Serikali, Ngokolo, Shinyanga)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya matumizi ya nyumbani na kuweka akiba. Nakiri kwamba nilipopewa mada hii nilisita. Mtu anayewaambia wafanyakazi wabane matumizi huonekana ama hajui bei ya unga sokoni, ama ametumwa kuwanyamazisha wasidai haki yao. Mimi bei ya unga naijua, na sikutumwa na mtu. Nimekuja kwa sababu ya jambo moja ambalo nanyi mnaliona kila mwisho wa mwezi.

Siku mishahara inapoingia, simameni karibu na mashine za kutolea fedha katika mji wowote wa kanda hii, iwe Shinyanga, Kahama au Geita. Hamtakaa sana kabla ya kumwona mtu mmoja aliyeshika fungu la kadi za benki mkononi mithili ya mcheza karata. Kadi hizo si zake. Ni za walimu, za wauguzi, za makarani. Namba zao za siri anazo. Huingiza kadi moja baada ya nyingine, hukata chake kwanza, ndipo humkabidhi mwenye mshahara kilichobaki, kama kimebaki. Mikopo ya namna hii wananchi wenyewe wameipa jina: kausha damu.

Ndugu zangu, mtumishi aliyekabidhi kadi yake si mtu huru. Amefanya kazi mwezi mzima, amesahihisha madaftari kwa taa ya usiku, lakini jasho lake linapokelewa na mwingine. Na mwalimu anayemkwepa mdai wake kwa kupitia mlango wa nyuma wa shule atawafundishaje watoto somo la uraia? Watoto wana macho. Basi kubana matumizi ninakokuzungumzia leo si ubahili, wala si mapenzi ya umaskini. Ni ulinzi wa heshima ya mtu na wa uhuru wake.

Tuitazame hesabu yenyewe. Tuchukue mfano wa mtu aliyekopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kila mwezi atadaiwa riba ya shilingi 90,000. Akilipa riba peke yake kwa miezi minne, atakuwa ametoa shilingi 360,000, yaani zaidi ya alichokopa, na deni la 300,000 bado limekaa pale pale kama jiwe. Wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana wamewekewa na Benki Kuu kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi; kwa mkopo huo huo, hiyo ni shilingi 10,500. Hesabu hii ni ya shule ya msingi, na baadhi ya wanaoifundisha ndio wanaonaswa nayo.

Sheria zipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Utaratibu wa utumishi wa umma nao unataka makato yamwachie mtumishi angalau theluthi moja ya mshahara wake. Lakini utaratibu huo unalinda makato yanayopita mikononi mwa mwajiri. Hauwezi kuilinda kadi iliyomo mfukoni mwa mtu baki. Mlango huo tumeufungua sisi wenyewe, na ni sisi wa kuufunga.

Tutaufungaje? Hapa sina haja ya kwenda mbali kutafuta mwalimu. Wazee wa Usukuma walikwisha kulijibu swali hili kabla ya benki kujengwa Shinyanga.

Kwa wale mliohamishiwa hapa kutoka mikoa mingine, naomba nieleze. Ngitili ni eneo la malisho ambalo mwenyewe, au kijiji kizima, hulitenga mvua zinapoanza. Nyasi zinaota, zinarefuka, na ng'ombe haingii. Kiangazi kinapokolea na malisho ya nje yamekwisha, ndipo ngitili hufunguliwa, hasa kwa ajili ya ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulima. Mara nyingi hakukuwa na ukuta wala seng'enge. Kulikuwa na mpaka uliojulikana na kukubaliwa, na aliyeuvunja alijibu mbele ya wenzake katika dagashida, mkutano wa jamii.

Angalieni jambo moja. Ngitili hutengwa wakati nyasi zipo, si wakati zimekwisha. Mfugaji hasemi, "Ng'ombe wale kwanza washibe, kitakachobaki nitakitunza." Anajua kwamba hakibaki kitu. Sisi wenye mishahara ndivyo tunavyosema kila mwezi: nitumie kwanza, kitakachobaki nitakiweka. Ndiyo maana kiangazi chetu huanza tarehe 10.

Mkoa huu unajua pia hasara ya kuiacha ngitili. Misitu ilifyekwa kwa ajili ya kumfukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, mifugo ikaongezeka, na wananchi walipohamia vijijini katika miaka ya 1970, wengi waliziacha ngitili zao walikotoka. Ilipofika katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikitajwa kuwa jangwa linalokuja. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianzishwa mwaka 1986, wakati ngitili zilizohesabiwa zilikuwa takriban hekta 600 tu. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa zimefika mamia ya maelfu ya hekta. Ufunguo wa mafanikio hayo haukuwa dawa ngeni. Wananchi waliurudia utaratibu waliokuwa nao, wakautilia nguvu. Ikiwa ardhi iliyokwisha kukauka iliweza kurudi hali yake, mshahara uliokauka utashindwaje?

Sasa tuingie nyumbani. Nina mambo manne.

La kwanza, akiba itengwe siku ile ile mshahara unapoingia, kabla ya duka, kabla ya mchango, kabla ya vocha. Mwenye mshahara wa shilingi 500,000 akitenga sehemu moja ya kumi, ni shilingi 50,000 kwa mwezi na 600,000 kwa mwaka. Kwa fedha hizo ada ya Januari haimpeleki mtu kwa mkausha damu. Na mpaka huo uwekwe na wenye nyumba wote wawili. Nyumba ambamo mke hajui mshahara wa mume, wala mume hajui kipato cha mke, haina ngitili. Ina vichaka viwili, na kila mmoja analisha chake usiku.

La pili, chakula kinunuliwe kwa msimu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na mavuno yetu ni ya msimu mmoja. Baada ya mavuno mpunga na mahindi bei huwa chini. Miezi ya mvua, ghala zikiwa tupu, bei hupanda. Mtumishi anayenunua unga kilo moja moja mwaka mzima hulipia usafiri, faida ya wachuuzi watatu na mfuko. Kama fedha za gunia zima hazipatikani kwa mara moja, majirani wawili au watatu wanunue pamoja, wagawane kwa debe. Lakini kununua bila kuhifadhi ni kumlisha dumuzi, mdudu yule aliyeonekana kwanza katika mkoa jirani wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wakambandika jina la Scania. Mahindi yakaushwe vizuri, yatiwe katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ifungwe barabara.

La tatu ni jiko. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva upesi kuliko makavu, na sufuria yenye kifuniko huchemka kwa mkaa mchache kuliko iliyo wazi. Haya ni madogo, lakini hurudiwa kila siku, na bandu bandu huisha gogo. Tusiwaonee haya bibi zetu na vyakula vyao. Viazi vitamu vikikatwa vibichi na kuanikwa huwa michembe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa huwa matobolwa. Majani ya kunde yaliyokaushwa huwa nsansa, mboga ya kiangazi. Kuna msomi anayeona fahari kuwapa wanawe mkate wa dukani kwa chai ya asubuhi, akamficha mgeni michembe iliyotumwa na mama yake kutoka kijijini. Kasumba hiyo ina bei, nayo hulipwa kila mwezi.

La nne ndilo gumu: michango na fahari. Kwa wiki moja mtumishi hupokea kadi ya harusi, ya kumwaga binti, ya ubatizo na ya mahafali. Kuchangiana ni utu wetu, na sisemi tukuache. Nasema kila nyumba ijiwekee kiasi chake cha mwaka, na kikiisha, mtu aseme bila haya, "Ndugu yangu, safari hii nitakuja kukusaidia kupanga viti." Msiba na ugonjwa vitangulie, sherehe zifuate. Anayekopa ili achangie harusi ya mwenzake ameuishi ule usemi wa wahenga: kukopa harusi, kulipa matanga.

Katika yote hayo, tuwe waadilifu. Naijua nyumba ambamo baba anahesabu vijiko vya sukari vya watoto, na jioni analipia meza nzima ya marafiki. Huko si kubana matumizi, ni kuwabana wanyonge wa nyumba. Anayetaka nyumba yake ifunge mkanda aanze na wa kwake. Mwaka 1966, miezi michache kabla ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na ya mawaziri ikafuata. Hakuna kilichompa haki ya kuzungumzia kujinyima kuliko tendo hilo.

Ndugu Mwenyekiti, najua swali linalowasumbua wengi humu: mshahara wenyewe hautoshi, utatengwa nini? Swali hilo ni la haki, na mahali pake ni katika vyama vya wafanyakazi, ambako linapaswa kuulizwa kwa nguvu. Mishahara imewahi kuongezwa. Kima cha chini cha watumishi wa umma kilipanda kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, na mwaka 2025 ilitangazwa kwamba kitatoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Lakini mkausha damu naye husikiliza redio. Siku nyongeza inapotangazwa, naye huongeza kiwango anachokubali kukopesha. Nyongeza inayoingia katika nyumba isiyo na mpaka ni mvua inayonyesha juu ya mwamba.

Ushahidi uko jirani zetu, katika ukanda wa dhahabu wa Geita na Kahama. Mchimbaji mdogo anaweza kupata kwa siku moja, duara likitema, fedha ambazo mwalimu hazipati kwa mwaka. Wapo waliozigeuza kuwa nyumba na ng'ombe, na wapo ambao baada ya mwezi waliomba nauli ya kurudi kwao. Wote walipata dhahabu. Kilichowatofautisha ni mpaka.

Mwisho, ngitili ya mtu mmoja huvunjwa kwa urahisi kuliko ngitili ya kijiji. Miaka ya 1860 huko Ujerumani, wakulima walikuwa wakinyonywa na wakopesha fedha kama tunavyonyonywa sisi. Meya mmoja wa vijijini, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliwaunganisha katika chama cha akiba na mikopo mwaka 1864, na mfano huo ukaenea duniani. Sisi wenyewe wa Kanda ya Ziwa hatukuwa nyuma: wakulima wa pamba waliochoka kupunjwa kwenye mizani waliungana, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda shirikisho lao la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Kama mkulima aliweza kuikataa mizani ya mlanguzi, msomi atashindwaje kuikataa riba ya mkausha damu?

Basi naomba mtoke hapa na azimio dogo. Kila shule na kila ofisi ambayo haina chama cha akiba na mikopo, watu wake wajiunge na kilicho karibu, au waanze na kikundi cha hisa cha watu kumi na tano wanaoaminiana, daftari likiwa wazi na kisanduku kikiwa na kufuli tatu. Mfuko wa kwanza wa kikundi hicho uwe na kazi moja: kumkomboa mwenzenu ambaye kadi yake haiko mfukoni mwake. Hatahitaji kujitangaza mbele ya mkutano; wenzake wanamjua. Mkopesheni kwa riba ya kibinadamu, alipe deni lake la nje, arudishiwe kadi yake, kisha abadilishe namba ya siri siku hiyo hiyo.

Mkimkomboa mmoja mwaka huu, mtakuwa mmefanya kazi kubwa kuliko mazungumzo yangu yote. Mvua za Novemba zitakuja kama kawaida yake, na wenzetu wafugaji watatenga ngitili zao nyasi zikiwa bado fupi. Nasi tutenge.