Kuchagua Flaiwili Nyepesi kwa Gari la Barabarani
(Maelezo yaliyotolewa kwa wenye magari, madereva na mafundi wa Nakapanya)



Tumeombwa tuzungumzie kipuri ambacho abiria hakioni kamwe, na ambacho hata mwenye gari hukiona tu siku gia boksi inaposhushwa: flaiwili. Ni lile gurudumu zito la chuma lililofungwa kwa boliti mwishoni mwa krankshafti. Uso wake hushikana na klachi pleti, na meno ya ukingoni huzungushwa na stata wakati wa kuwasha. Injini haitoi nguvu mfululizo, bali kwa mapigo. Katikati ya pigo na pigo, uzito wa gurudumu hilo ndio unaoiendeleza. Ukiupunguza, injini hupandisha mizunguko upesi na kuishusha upesi. Hilo ni kweli, wala hatukuja kulikanusha. Tumekuja kuuliza wepesi huo unamfaa nani.

Barabara itokayo Masasi kwenda Songea kupitia hapa sasa ni ya lami, na lami huamsha tamaa ya mwendo. Basi tufanye hesabu. Chukueni gari dogo ambalo tairi yake, kutoka katikati hadi chini, ina sentimeta 30. Katika gia ya kwanza injini yake huzunguka mara 14 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Katika gia ya tano, mara tatu na nusu. Ondoeni kilo moja ya chuma kwenye flaiwili, sentimeta 12 kutoka katikati. Katika gia ya kwanza gari litachukua kasi kana kwamba limeshushiwa mzigo wa kilo 30 hivi. Katika gia ya tano, kilo mbili tu. Sasa safari ya kutoka hapa hadi Tunduru mjini ni zaidi ya kilometa 60, na sehemu kubwa yake mwaiendesha katika gia za juu. Aliyelipia flaiwili nyepesi kwa ajili ya safari hiyo amenunua wepesi wa pakiti mbili za sukari.

Dereva wa mashindano hubadili gia kila baada ya sekunde chache, na kwake hesabu hiyo ina maana. Ninyi mnabeba watu na korosho. Gari lililosheheni magunia likisimama penye mwinuko, flaiwili nzito ndiyo inayolisaidia kuondoka. Iliyo nyepesi huiacha injini izimike. Dereva huongeza mafuta, hushikilia klachi nusunusu, na klachi pleti huungua kabla ya wakati wake. Huongezeka pia mtetemo gari linapounguruma pale liliposimama, na katika baadhi ya magari gia boksi hutoa mlio wa kugongagonga. Wako wauzaji wanaosema kipuri hiki hupunguza matumizi ya mafuta. Gari likienda kwa mwendo usiobadilika, flaiwili ikishazunguka haidai nguvu ya ziada kwa sababu ya uzito wake. Kwa hiyo safari ndefu haiwezi kuleta akiba ya maana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na dai la namna hiyo mna haki ya kulitakia uthibitisho.

Tutakalolisema sasa tunaliweka mbele ya yote. Kuna desturi ya kuipeleka flaiwili ya zamani kwa fundi wa kuchonga vyuma ili aipunguze uzito. Kuuchonga kidogo uso unaoshikana na klachi, kwa kipimo alichoruhusu mtengenezaji, ni matengenezo ya kawaida. Kuimega mgongoni au kuitoboa matundu ni jambo jingine kabisa. Flaiwili nyingi zinazotoka na magari ni za chuma cha kusubu, chuma kigumu lakini chepesi kupasuka kinapovutwa. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, ukingo wa flaiwili yenye upana wa sentimeta 28 hukimbia zaidi ya kilometa 300 kwa saa. Na mizunguko ikiongezeka mara mbili, nguvu inayotaka kuipasua huongezeka mara nne. Katika magari mengi, mahali ilipo ni karibu na miguu ya dereva. Ikipasuka, vipande vyake hutoboa nyumba ya klachi, na bati la sakafu si kizuizi. Msikubali kazi hiyo, hata ikiwa bei yake ni ndogo.

Anayehitaji flaiwili mpya, kwa maoni yetu, anunue yenye uzito ule ule wa awali. Akishikilia nyepesi, achague ya feleji iliyofuliwa au kuchongwa katika pande moja, na iwe imepungua kwa kiasi tu. Ya alumini lazima iwe na uso wa feleji mahali klachi inaposhika, kwa kuwa alumini tupu hulika upesi. Kwa mashindano, taasisi ya SFI ya Marekani ina kiwango namba 1.1 cha flaiwili na klachi. Muuzaji akitaja alama hiyo, aionyeshe kwenye kipuri chenyewe, si kwenye boksi. Magari mengine, kama Land Rover Defender ya injini ya Td5, yametoka kiwandani na flaiwili ya vipande viwili yenye springi katikati. Springi hizo humeza mtikisiko. Ukiweka ya kipande kimoja, mtikisiko huo huhamia kwenye gia boksi.

Kabla ya kuagiza Kariakoo, hesabuni matundu ya boliti na meno ya stata, pimeni upana wa klachi, na mtazame kama flaiwili ina alama au matundu yanayosomwa na sensa ya injini. Boliti ziwe mpya, zikazwe kwa spana ya kupimia.

Kisha risiti. Chini ya Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia bidhaa na kwamba unategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Ukiitaja kwa jina lake la biashara peke yake, kinga hiyo hupungua. Kwa hiyo msiseme tu “nipe ile nyepesi”. Tajeni aina ya gari, injini, na kwamba linabeba mizigo. Mwombeni ayaandike hayo pamoja na risiti ya EFD. Kama mnaagiza kwa simu, tumeni ujumbe wa maandishi na muuhifadhi.

Flaiwili ya zamani msiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu mpaka gari limetembea na mzigo kamili kwa siku kadhaa. Tunakaribisha maswali, na tungependa mafundi waanze.