Kumjua Mtoto kwa Jina Lake

(Masemo ya baba na mama mmoja wa parokia, siku ya familia, katika sikukuu za Yubile)



Tumeombwa kusema machache juu ya watoto wadogo katika nyumba ya Wakristu. Wengine wamekwisha kusema vizuri juu ya masomo, juu ya katekisimu na juu ya adabu. Sisi tutasema juu ya jambo dogo zaidi, lisilotaka feza wala cheti: kumtazama mtoto kila siku, kusikiliza maneno yake, na kufurahi kwa kuona namna mtu mpya anavyotokea pole pole mbele ya macho yetu. Tunasema baba na mama pamoja, kwa kuwa tumelea pamoja.

Kwanza, tukumbuke historia ya mji wetu. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Katika miaka ile ya mwanzo wanaume wengi waliletwa kutoka mbali, wakaishi kambini bila wake wala watoto, na mkataba ulipokwisha walirudi kwao. Ni katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilipoanza kutaka mfanyakazi akae na familia yake. Tangu hapo mtoto akaandikwa kitabuni. Alipimwa kilo, akahesabiwa katika posho ya nyumba, akapelekwa dispensari na masomoni. Tusidharau mema yale. Watoto wengi waliishi kwa sababu ya maziwa na dawa. Ndiyo maana wazee walisema: kampuni njo baba, njo mama.

Lakini baba yule alijua hesabu tu. Alijua kwamba nyumba fulani ina watoto wanne, akatoa posho ya wanne. Hakujua kwamba wa kwanza anaogopa giza, na kwamba wa pili anaimba wakati wa kula. Kujua mambo hayo kulikuwa kazi ya wazazi, na hakuna posho iliyoweza kuifanya mahali pao.

Siku zilibadilika. Mwaka 2001 Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa hapa Lubumbashi, alitoa kitabu juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga tangu 1910 hata 1997, na katika jina la kitabu kile watoto wa shaba wanaitwa watoto walioachwa na baba yao. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari. Wababa waliozoea kutoka alfajiri walijikuta wakikaa uani mchana kutwa. Wengi waliona haya mbele ya watoto wao, kwa kuwa hawakuwa na kitu mkononi. Tunawasemea wababa wale, na vijana wanaozaa leo bila kazi ya hakika: mtoto anaomba chakula, ni kweli, lakini anaomba pia utazame anachokuonyesha. Ombi hilo la pili hata maskini anaweza kulijibu leo hii.

Pili, tutazame jina. Siku ya batisimu, kabla ya maji na mafuta, padri anawauliza wazazi wamempa mtoto wao jina gani. Ndilo ulizo la kwanza la Kanisa mlangoni. Kwetu jina ni jambo zito. Mtoto anapewa jina la mzee wa ukoo, na tangu siku ile jamaa wote wanamwangalia: anacheka kama babu, ana hasira kama bibi. Mwaka 1972, serikali ya Zaire ilipokataza majina ya Kikristu, wazazi wengi waliendelea kuyaita ndani ya nyumba. Tunajua basi thamani ya jina. Lakini jina ni mlango, na nyuma ya mlango kuna mtu. Mtoto aliyepewa jina la babu si babu. Mzazi anayemngojea babu arudi atachelewa kumwona mtoto aliye mbele yake.

Mungu alitupa watoto watano. Walikula bukari katika sahani moja, walilala katika chumba kimoja, na hata hivyo hawakufanana. Mkubwa, msichana, alikuwa mtu wa kupanga. Akiwa na miaka 3 alipanga viatu vyote mlangoni kwa ukubwa, vya baba mbele, na mgeni akiingia alimfuata nyuma ili kutengeneza mstari. Wa pili alisema maneno machache. Mikono yake ndiyo iliyosema. Alitengeneza motokari ya waya, magurudumu yake vifuniko vya mikebe ya maziwa, na alipoulizwa inakwenda wapi, alijibu, «Kolwezi», akanyamaza tena. Wa nne aliogopa ngurumo za mwezi wa kumi na moja, lakini hakuogopa mbwa yeyote wa mtaa. Wa tano alikataa kula mpaka kila mtu amekaa. Alihesabu vichwa kwa kidole, na kama baba hajarudi alimwachia nafasi kwenye mkeka. Wa tatu tutamsema baadaye kidogo.

Tulijifunza mambo haya katika saa zisizo na jina. Mama akipepea makala katika mbabula, mtoto akiuliza kwa nini moto hauna mifupa. Baba akibeba bidoni ya maji, mtoto akibeba ya kwake ndogo, nusu ya maji ikimwagika njiani, naye akifika anasema kwamba ameleta maji ya nyumba nzima. Umeme ukikatika usiku, wote wakikaa karibu na mshumaa na kuchezesha vivuli ukutani, na pale unamjua anayependa kutisha wenzake na anayependa kuwafariji. Siku ya Mungu wakati wa masika, tukienda Misa viatu mkononi kwa sababu ya matope, mmoja akiruka kila kidimbwi, mwingine akikizunguka.

Mtu asiseme kwamba hayo ni michezo tu. Bwana wetu Yezu alikuwa na umri wa miaka 30 hivi alipoanza kufundisha watu. Miaka ile mingine alikaa Nazareti, katika nyumba ya fundi, na Evanjili inasema machache sana juu yake. Mtakatifu Luka anatuonyesha mama aliyeyashika mambo yale moyoni, na mtoto aliyeendelea kukua. Hapa Katanga, Padri Placide Tempels, Mfransisko, alianza Jamaa huko Kolwezi katika miaka ya 1950 pamoja na wafanyakazi na wake zao. Maneno yao makubwa yalikuwa matatu: uzima, uzazi, mapendo. Kwao uzazi haukwisha siku ya kuzaa. Mtu anaendelea kumzaa mwenzake kila anapompa uzima kwa mapendo. Na Papa Fransisko, katika barua Amoris Laetitia ya mwaka 2016, anawakumbusha wazazi kwamba kujua mtoto yuko mahali gani kwa mwili hakutoshi. Tujiulize moyo wake uko wapi.

Tatu, tuseme juu ya mtoto wetu wa tatu. Alikuwa msichana mwenye maulizo mengi. Alitaka kujua jina la kila kitu: jina la mti, jina la wingu, jina la mbuzi wa jirani. Kama kitu hakikuwa na jina la kumpendeza, alikipa jingine. Ungo wa bibi yake aliuita «mama wa mchele». Malaria ilimchukua kwa siku 3, akiwa na miaka 4. Hatuna picha yake hata moja. Hatuna daftari lake, kwa maana alikuwa hajaanza masomo. Lakini majina aliyoyatoa tunayo. Mpaka leo nyumbani mwetu ungo ni «mama wa mchele», na wajukuu wasiomjua wanauita hivyo. Sikukuu za maisha yake zilikuwa chache, batisimu moja na Noeli nne. Kama tungalingojea siku kubwa ili tumjue, tungalimzika mgeni.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi vijana mambo matatu. Jambo la kwanza, muwe na saa moja jioni ya kula pamoja, simu zikiwekwa mbali, na kila mtoto apewe nafasi ya kusema aliyoyaona, hata mdogo kabisa, hata kama maneno yake yanakwenda upande. Jambo la pili, msimpime mtoto kwa ndugu yake. Mwenye mikono na mwenye maneno wote wawili wametoka kwa Mungu mmoja. Jambo la tatu ni la wababa: msiwaachie wamama furaha hii peke yao. Baba mwenye kazi ana saa chache, asiye na kazi ana nyingi. Kwa kumsikiliza mtoto mmoja mpaka mwisho wa habari yake, zote zinatosha.

Yubile ni wakati wa kuhesabu miaka, na ni vema kuhesabu. Lakini fungueni vitabu vya batisimu vya parokia yetu. Mtakuta majina, moja moja, na kila moja lilitoka kwanza kinywani mwa baba na mama waliokuja wakibeba mtoto. Tunamwomba Bwana atusaidie, wazazi wa leo na wa kesho, ili tumjue kila aliyeitwa pale, angali mdogo, angali karibu nasi.

 Mungu abariki watoto wa Bel-Air.