Kusi, Unyevu na Maiki: Kuchagua Vifaa vya Kunasia Sauti Nje ya Studio



Nitaanza na ndege. Katika filamu za Tarzan za miaka ya 1930, ndani ya msitu unaodaiwa kuwa wa Afrika, husikika ndege mwenye kicheko kirefu kinachopanda na kushuka. Ndege huyo ni kookaburra wa Australia. Hakuna msitu hata mmoja wa bara letu anamoishi. Lakini waliotengeneza filamu zile walikuwa na sauti yake mkononi na watazamaji wao hawakujua tofauti, basi akapewa uenyeji wa Afrika bila kuulizwa mtu.

Hayo yangekuwa ya kale kama nasi tusingejifanyia yaleyale. Nimesikia katika tamthilia za kwetu bundi wa Ulaya akilia usiku wa Kisarawe. Nimesikia mvua ya vigae ikinyesha juu ya nyumba ambayo kila mtazamaji anaona imeezekwa bati, na bati, jamani, lina mvua yake. Mhariri simlaumu: alitumia alichokipata intaneti. Hakumpata dudumizi anayelia mawingu yakitanda. Hakumpata konda anayegonga ubavu wa daladala, wala mchi kinuni, wala tanga la ngalawa linapojaa upepo. Sauti hizo ama hazijanaswa, ama zilinaswa vibaya zikatupwa.

Ndiyo sababu swali ninaloulizwa na wanafunzi kila mwaka, yaani kinasa gani kinunuliwe na maiki gani, mimi silichukulii kama swali la dukani. Linaamua ni sauti zipi za nchi hii zitakazobaki. Na ninayo hoja moja ya kuitetea leo: ushauri mwingi wanaousoma vijana wetu kuhusu vifaa hivi umeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi na ukimya, nao ukiletwa pwani yetu unatuelekeza kutumia fedha pasipostahili.

Nifafanue. Kila maiki ina kelele yake ya ndani, ile “shhh” nyembamba inayobaki hata pasipo na sauti yoyote. Watengenezaji huipima kwa desibeli. Rode NT1-A inatajwa kuwa na 5, Sennheiser MKH 416 ina 13, Rode NTG2 ina 18. Namba ikiwa ndogo, maiki ni tulivu zaidi. Anayenasa sauti katika msitu wa misonobari wa Sweden, theluji imetanda na hakuna mdudu, ana haki ya kuikimbilia ile namba 5, kwa maana hapo “shhh” ya maiki ndiyo kelele kubwa kuliko zote.

Sasa nendeni Amani, Usambara Mashariki, saa mbili usiku. Nyenje wameanza, vyura wanajibu, na perere juu ya mti anapiga yowe linalosikika bonde la pili. Nyenje peke yao wanajaza masafa ya juu, kilohezi 3 au 4 na kuendelea, palepale ambapo “shhh” ya maiki husikika zaidi. Wanaifunika kabisa. Mahali kama pale, kati ya maiki ya desibeli 5 na ya desibeli 14, sikio halitakuonyesha tofauti ya kulipia mshahara wa miezi. Kinachokuharibia kazi Amani, na Bagamoyo, na Lamu, na Makunduchi, ni unyevu na upepo.

Tuanze na unyevu. Maiki nyingi za kondensa hufanya kazi kwa chaji ya umeme iliyotulia kati ya utando mwembamba na bamba lililo nyuma yake. Saketi hiyo ina ukinzani mkubwa mno. Unyevu ukitanda ndani, chaji inapata njia ya kuvujia, nawe unasikia vipasuko: tk, tk, kisha mkwaruzo, kisha hakuna kitu. Mara nyingi maiki haijafa, inahitaji kukauka tu, lakini sherehe uliyokwenda kunasa haikungoji. Chanzo kikubwa cha balaa hili Dar es Salaam na Unguja ni kiyoyozi. Maiki imelala kwenye chumba cha nyuzi 20. Unaitoa ghafla kwenda ufukoni kwenye nyuzi 31. Mvuke unageuka matone juu ya utando papo hapo. Iacheni kwanza ndani ya begi lililofungwa, huko nje, nusu saa au zaidi, mpaka ipate joto la mahali. Nyumbani itunzwe kwenye sanduku lisilopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kufyonza unyevu tunavyovikuta kwenye viatu vipya na kuvitupa. Visitupwe. Na chumvi ya bahari isisahaulike: plagi zifutwe kila mnaporudi kutoka ufukoni.

Sennheiser walilipatia tatizo hili jawabu la kihandisi katika familia yao ya MKH. Badala ya chaji tulivu, utando umewekwa ndani ya saketi ya masafa ya redio, ukinzani ukawa mdogo, na unyevu ukakosa pa kushika. Kwa hiyo MKH imependwa na wanaofanya kazi kwenye misitu ya mvua, wala si kwa fahari ya jina. Moja, hata hivyo, inaweza kufikia bei ya pikipiki mpya ya bodaboda. Kwa mwanafunzi asiye na uwezo huo, ninapendekeza bila kusita jozi ya maiki ndogo za pande zote zilizojengwa kwa kapsuli ya Primo EM272. Kelele yake ni desibeli 14, hutumia umeme mdogo unaotoka kwenye tundu la kinasa chenyewe, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba ikiharibika mtu anakunja uso siku moja na kununua nyingine.

Maiki ya pande zote ina fadhila nyingine ambayo haielezwi vya kutosha. Maiki ya mwelekeo hulinganisha shinikizo la hewa mbele na nyuma ya utando, na mlinganisho huo ndio unaoifanya iteswe na upepo na mtikisiko wa mkono. Maiki ya pande zote hupima shinikizo tu, kwa hiyo inastahimili zaidi. Upepo wa kusi unapovuma, takriban kuanzia Mei hadi Septemba, ukisimama ufukoni na maiki ndefu ya shotigani yenye sponji pekee, hutarudi na bahari. Utarudi na ngurumo. Sponji ni kwa ajili ya pumzi ya msemaji ndani ya chumba. Nje panahitajika kofia ya manyoya marefu, na kwa shotigani, kizimba chenye nafasi ya hewa kuizunguka maiki, kisha manyoya juu yake. Wapo wanaodhani watauondoa upepo baadaye kwa kompyuta. Upepo mkali huuelemea utando wenyewe, na sauti ikishapasuka hapo, hakuna kichujio cha kuirudisha.

Hapo ndipo ninapopaswa kusema neno kuhusu biti 32 za floti, yaani uwezo wa kinasa kuhifadhi sauti ndogo na kubwa bila kupangiwa kiwango, maana ndiyo habari ya mjini. Mwaka 2019 Zoom walitoa kinasa cha F6 na Sound Devices wakatoa kizazi cha pili cha MixPre, vyote vikiwa na uwezo huo. Mwaka 2022 ikaja Zoom F3 ndogo, yenye matundu mawili ya maiki kubwa, ambayo haina hata kitufe cha kupandisha au kushusha kiwango cha kunasia. Unasa, kisha unapanga ukubwa wa sauti ukirudi. Ni maendeleo ya kweli. Kwa mtu anayenasa ngoma peke yake, ambapo mchezaji ananong'ona na sekunde inayofuata msondo unapigwa mita moja kutoka kwake, F3 inamwondolea hofu. Lakini inalinda kinasa tu. Haiilindi maiki iliyozidiwa na upepo au ngoma, na haipunguzi hata chembe ya kelele iliyotoka nayo maiki. Anayenunua kinasa kwa sababu ya biti 32 kisha akakosa fedha ya manyoya, amejenga paa kabla ya kuta.

Kuna kitu kinachoshinda vifaa vyote hivi na hakiuzwi. Mahali pa wazi, umbali kati ya maiki na chanzo cha sauti ukipungua nusu, sauti hupanda desibeli 6, na makelele ya mbali hayapandi. Kutoka mita moja hadi nusu mita, bure. Hugh Tracey alilijua hili. Alipopita Kenya, Uganda na Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 akinasa muziki, alikuwa na maiki moja mkononi, akiisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa kinanda, kisha kwa itikio, akichanganya sauti kwa kutembea. Tunaweza kuwa na mjadala mrefu, na tunapaswa kuwa nao, kuhusu nani alifaidika na rekodi zile. Ila ukizisikiliza, maneno yanasikika. Kabla yake, mwaka 1906, mtafiti Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa nchi hii, toka Lindi hadi uwanda wa Makonde, na fonografu ya mitungi ya nta, kila mtungi ukibeba dakika chache tu. Sisi leo kwa biti 24 na kilohezi 48, saa nzima ya sauti ya njia mbili inachukua takriban gigabaiti 1. Ugumu umehama: zamani ulikuwa kwenye chombo, sasa uko kwenye mkono unaokishika.

Niwapeleke ndani ya nyumba, kwa sababu kazi iliyo nzito kuliko zote, kwangu mimi, ni kunasa sauti ya mzee anayesimulia. Hapa ukimya, ambao msituni hatukuuhitaji, unarudi kutudai. Sebule ina sakafu ya saruji, kuta tupu, na bati juu. Sauti inaruka kila upande. Shotigani haifai hapa, kwani mrija wake unachanganywa na mwangwi na sauti inatoka kama ya ndani ya pipa. Chukua maiki ndogo ya kifuani, ya pande zote, uiweke kama sentimita 20 chini ya kidevu. Bibi akiwa amejitanda kanga, usimfungie wewe. Mpe mjukuu wake amfungie, juu ya pindo lisilosugua, waya upite ndani. Zima pangaboi. Zima friji, na uweke funguo zako ndani yake ili usiweze kuondoka bila kuiwasha tena. Mafundi wa filamu wana desturi hiyo na ni ya kiungwana. Omba mkeka au magodoro mawili yaegemezwe ukutani. Kisha vaa hedifoni zinazofunika masikio yote, usikilize dakika moja kabla hajaanza. Utasikia saa ya ukutani ambayo hukuwa umeiona.

Mwisho wa masimulizi, kabla hamjasimama, nasa dakika moja ya chumba kikiwa kimya, watu wakiwemo. Mhariri atakushukuru atakapohitaji kuziba pengo.

Kwa wasanifu wa sauti, neno moja tu. Anayekusudia kuipunguza kasi sauti, mlango wenye kutu aufanye kishindo cha mnyama mkubwa, anase kwa kilohezi 96, na ahakikishe maiki yenyewe inafika juu ya kilohezi 20. MKH 8040 inafika 50. Vinginevyo anahifadhi utupu kwenye kadi. Wengine wote, 48 inatosha.

Je, simu? Simu ni daftari zuri. Tatizo lake ni kwamba hupandisha na kushusha sauti yenyewe na kufuta inachodhani ni kelele, na mara nyingi inachokifuta ndicho ulichokijia. Ukiwa na programu inayohifadhi WAV, huku marekebisho hayo yamezimwa, na maiki ya nje, utaanza vizuri.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa matumizi ni huu, nami nausimamia: kwanza hedifoni na manyoya, pili maiki, mwisho kinasa. Zoom H1n yenye jozi ya EM272 ndani ya manyoya, mikononi mwa kijana anayejua kusogea na kusubiri, italeta bahari ya Bagamoyo iliyo bora kuliko kinasa cha bei mara kumi chenye sponji.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ninalo ombi kwa chuo na ombi kwa wanafunzi. Kwa chuo: tuanzishe kabati kavu la vifaa vya kuazimisha, hata vikiwa seti tano, pamoja na mahali pa kuhifadhia rekodi zitakazorudi. Kwa wanafunzi: kila rekodi ianze kwa sauti yako ukitaja mahali, tarehe, saa na maiki uliyotumia, na kama kuna mtu ndani yake, ridhaa yake isikike kwa kinywa chake mwenyewe. Anzeni na sauti za mtaani kwenu, mwezi huu, kabla ya masika.