KUMSHAWISHI MTU SI KUMSHINDA

(Hotuba ya walimu wa shule za msingi za kambi, iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani)



 Tumeombwa tuseme juu ya elimu. Tumeona tuseme juu ya jambo ambalo kazi zote za kambi zinalitegemea, yaani namna ya kumfanya mwenzako akubali neno lako kwa hiari yake.

Hapa kambini kila siku yupo anayetutaka tukubali kitu. Tunawe mikono. Tulale ndani ya chandarua. Tuwapeleke watoto kwenye chanjo. Tuwaache wasichana wamalize shule. Kipaza sauti hupita asubuhi, na jioni mambo hubaki yalivyokuwa. Hapo mfanyakazi wa shirika husema, "Watu hawa ni wabishi." Mkimbizi naye husema, "Watu hawa hawatusikilizi." Tunaomba leo tutazame kwa nini inakuwa hivyo.

Alikuwapo mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyeitwa Kurt Lewin. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa uhamishoni: alikuwa Myahudi wa Ujerumani, akaondoka mwaka 1933 Wanazi walipotwaa madaraka, akaenda Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyama nzuri ilikuwa haba kule, na serikali ilitaka akina mama wapike moyo, figo na nyama nyingine za ndani. Kwetu vitu hivyo hugombewa, lakini wao walividharau. Lewin akafanya jaribio. Vikundi vingine vya akina mama vilisomewa mhadhara mzuri, wenye habari za vitamini, za vita na za namna ya kupika. Vikundi vingine viliulizwa tu: kwa nini akina mama kama ninyi hawapiki nyama hizi? Wakajibu wenyewe: mume hapendi, watoto watakataa, harufu jikoni ni mbaya. Wakajadiliana, wakapewa ushauri wa mapishi, na mwishoni wakaombwa kuinua mikono walio tayari kujaribu.

Baadaye walifuatwa nyumbani. Kati ya kila akina mama 100 waliosikiliza mhadhara, 3 tu walikuwa wamepika nyama ambayo hawakuwahi kupika. Kwa wale waliojadiliana, walikuwa 32 kati ya kila 100. Habari walizopata zilikaribiana. Tofauti ni kwamba hawa wa pili walitaja wenyewe kinachowazuia, na wakaamua mbele ya wenzao. Mtu akishaamua mbele ya jirani zake, uamuzi ule unakuwa wake.

Ndugu zetu, mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, na ni mchungu. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini. Mwezi uliofuata wataalamu waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na takriban mmoja kati ya kila wanne alisema haamini kwamba ugonjwa huo upo. Je, walikuwa wajinga? Hapana. Tangu 2014 watu wa eneo la Beni walikuwa wakiuawa vijijini, nao waliona dunia imenyamaza. Ghafla yakaja magari mengi kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Wakauliza, "Kwa nini sasa?" Kisha Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo ukaahirishwa, Ebola ikiwa mojawapo ya sababu zilizotolewa. Wengine wakaona hakika ni siasa. Wauguzi walishambuliwa, na wagonjwa walifichwa majumbani.

Chanjo ilikuwapo, lakini chanjo haimwingii mtu aliyekimbilia porini. Watu walianza kusogea pale walipoheshimiwa. Vilitengenezwa vyumba vya kuta angavu ili ndugu amwone mgonjwa wake na kusema naye. Jamaa waliruhusiwa kushuhudia mazishi ya mtu wao. Tena waliopona, ambao mwili wao umeshapata kinga, walilea watoto wachanga wa wagonjwa na kuwaeleza majirani waliyoyaona. Mgeni mwenye shahada alisema "Ebola ipo", akatiliwa shaka. Jirani aliyepona alisema maneno yale yale, akasikilizwa. Ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287.

Kutokana na mifano hii tunapata mambo matatu.

Kwanza, mtu humpima msemaji kabla ya kupima maneno. Huuliza moyoni: huyu ananitakia nini? Jana nilipokuwa na shida alikuwa wapi?

Pili, anayekataa ana sababu. Usipoijua, unajibu swali ambalo hakuuliza. Sisi walimu tunapomtembelea mzazi ambaye binti yake wa darasa la sita haji shuleni, hatuanzi na faida za elimu. Mama huyo anazijua. Tunauliza, "Mama, kinachomzuia ni nini?" Mara nyingi jibu ni foleni ya maji asubuhi, au mdogo wake asiye na wa kumwangalia siku ya mgawo. Hapo kuna la kuzungumza. Mama mwenyewe husema, "Labda nipeane zamu na jirani." Wazo likitoka kinywani mwake, hatuna haja ya kurudi kila wiki.

Tatu, umwachie mtu heshima yake. Ukimwaibisha mbele ya watu atakujibu "ndiyo" ili uondoke, na kesho hatafanya. Kumshawishi mtu si kumshinda. Aliyeshindwa hungoja siku ya kulipa.

Lakini Waswahili husema maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na si kila amwitaye nyoka anamtakia mema. Sisi watu wa Maziwa Makuu tunalijua hili kwa damu. Redio RTLM ilipoanza Rwanda, Julai 1993, ilipendwa kwa muziki na mzaha. Ilizungumza kama watu wa mtaani. Ilipokwisha kuwa rafiki wa watu ikawaita jirani zao mende, na mwaka 1994 ikachochea mauaji. Tarehe 3 Desemba 2003, mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili pamoja na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufani ya 2007 iliwapunguzia adhabu, lakini hatia ilibaki.

Basi tumtambueje mshawishi mwema? Tunawafundisha wanafunzi wetu waulize maswali haya. Je, ananiruhusu kuuliza? Je, ananipa muda wa kufikiri, au ananiambia ni leo tu? Je, ananieleza pia hasara ya jambo analolitaka? Je, ananifanya nimchukie mtu ambaye hajanikosea? Na mwisho: nikiyajua yote anayoyajua yeye, je, bado nitakubali? Anayekwepa maswali haya, vijana wetu, msimfuate, hata akiwa mtu wa kabila lenu, hata akiahidi kazi au safari.

Ndugu Mwenyekiti, tunamalizia na maombi mawili. Kwa wageni wetu wa mashirika: kabla ya kuleta ujumbe, kaeni nasi mtuulize kinachotuzuia, na mkishasikia mrudi mtuambie mmelifanyia nini. Kwa viongozi wa bloku: muhula huu kila bloku ikae kikao kimoja juu ya wasichana walioacha shule. Msiite mhubiri wala msikodi kipaza sauti. Ulizeni tu, "Kinachowazuia ni nini?" Wazazi wajibu, wapange zamu zao wenyewe, na walio tayari wainue mikono mbele ya wenzao. Sisi walimu tutakuja tukialikwa, tutakaa nyuma, na tutajibu tutakapoulizwa.