Halmashauri ya Shule na Mipaka ya Mkurugenzi



Katika Marekani ziko wilaya za shule zipatazo 13,000. Halmashauri nyingi huchaguliwa kwa kura na wakazi, nazo humwajiri mkurugenzi wa kuziongoza shule za wilaya. Hapo ndipo ugomvi huzuka: nani aamue nini?

John Carver alieleza njia moja katika kitabu chake cha mwaka 1990, na baadhi ya halmashauri za shule zimeifuata.

Kwanza, halmashauri huandika shabaha: watoto gani wapate faida gani, na kwa gharama gani. Pili, huandika mipaka, yaani mambo ambayo mkurugenzi haruhusiwi kuyatenda: kutumia fedha kupita makadirio, kuwadhulumu watumishi, au kuificha halmashauri habari mbaya. Yaliyo ndani ya mipaka hiyo huachiwa akili yake.

Mjumbe peke yake hana amri juu ya mkurugenzi. Halmashauri husema kwa sauti moja. Naye mkurugenzi hupimwa kwa yaliyoandikwa, si kwa chuki wala upendeleo.

Kenya nayo, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ina bodi za shule ambamo wazazi wana viti. Basi yafaa kila mzazi aulize: shabaha yetu ni ipi, na mipaka imeandikwa wapi? Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Na nyasi za shule ni watoto.