Jua Ulipo Kabla ya Kufuta



Kompyuta ya Linux inayoendeshwa kwa amri za maandishi haikuonyeshi picha za folda. Huna budi kuiuliza. Amri ya pwd hukujulisha ulipo, na ls hukuorodheshea vilivyomo. Ukiandika cd na jina la folda, unaingia ndani, cd .. hukupandisha ngazi moja, kama atokaye kitongojini kwenda kijijini, na cd ../.. hukufikisha katani.

Katika ofisi moja niliyoitumikia zamani, nilidhani nimo katika folda ya majaribio, nikaandika rm *. Kumbe nilikuwa ndani ya maombi ya viwanja! Amri hiyo haipeleki faili kwenye pipa la taka. Hufuta papo hapo. Wazee walirudi kujaza fomu upya, wengine kwa miguu. Tangu siku ile, pwd hutangulia.