Wakala asiyeuliza swali

Juma hili tunakwenda Durban, bandari kubwa ya Afrika Kusini katika Bahari ya Hindi. Kutoka hapo malori hupita Beitbridge, Chirundu na Kasumbalesa hadi Lubumbashi, na shaba ya Katanga husafirishwa kwa njia hiyo hiyo kwenda baharini. Shehena ya namna hiyo haisogei bila barua, na siku hizi barua ni barua pepe.

Tuchukulie kwamba ofisi moja ya wakala wa forodha mjini humo imeamua kuiachia akili mnemba kazi ya kuandika na kutuma barua hizo. Programu ya aina hii haiishii kujibu maswali, bali hutenda, nayo huitwa pia wakala. Ili itume barua, hupewa zana ya kutumia. Mwezi Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, ambao ndani yake kila zana huwa na jina, maelezo ya kazi yake kwa maneno ya kawaida, na orodha ya nafasi za kujazwa: anwani, kichwa cha barua, matini, na kadhalika. Wakala husoma maelezo hayo, kisha huamua mwenyewe lini na vipi aitumie.

Sasa, karani mgeni akipewa mwongozo wenye mapengo, atamuuliza mwenzake wa meza ya pili. Wakala huyu aghalabu haulizi. Huliziba pengo kwa kukisia, tena kwa lugha ya kujiamini.

Chukua jambo dogo kama saa. Mteja wa Lubumbashi anaandika kwa Kiswahili kwamba atumiwe hati saa tatu asubuhi. Wewe na mimi tunajua ni saa gani. Programu iliyolelewa zaidi kwa Kiingereza yaweza kuituma saa tisa za usiku, na kwa hesabu yake haijakosea! Basi mwongozo useme wazi kwamba wakati uandikwe kwa mtindo wa saa 24, na kwa majira ya mji gani. Durban na Lubumbashi zina majira mamoja, lakini Dar es Salaam imetangulia kwa saa nzima.

Zito zaidi ni neno "imefaulu". Kanuni za kupeleka barua pepe zilizochapishwa na Jon Postel mwezi Agosti 1982 ziliweka majibu ya tarakimu tatu, na msingi wake unatumika hadi leo. Jibu la 250 maana yake seva imeipokea barua. Halisemi kwamba mlengwa ameiona. Majibu yanayoanza na 4 husema jaribu baadaye, na yale ya 5 husema imekataliwa. Mwongozo usipoyatenganisha, wakala atamwarifu mkubwa wake kwamba mteja amekwisha kupata habari, kumbe barua imekwama njiani. Na mawasiliano yakikatika kabla ya jibu kufika, atatuma tena, na mteja atapata ankara mbili. Dawa yake inajulikana: kila barua ipewe namba yake, na zana ikatae kutuma namba moja mara mbili.

Je, kosa likitokea, nani abebe mzigo? Afrika Kusini ilikwisha kulitazama swali hilo katika Sheria ya Mawasiliano na Miamala ya Kielektroniki, namba 25 ya mwaka 2002. Kifungu cha 20 kinasema kwamba anayetumia wakala wa kielektroniki kufunga mkataba huchukuliwa kuwa amefungwa na masharti yake, awe ameyapitia matendo ya wakala huyo au hakuyapitia. Nadhani watunga sheria walikuwa wakifikiria maduka ya kwenye intaneti, lakini maneno yao yanaienea ofisi yetu ya Durban. Vilevile, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, asiyekuwa mteja wako huruhusiwi kumtumia matangazo kwa barua pepe bila ridhaa yake, na ridhaa hiyo unaweza kuiomba mara moja tu. Wakala hatalijua hilo asipoandikiwa.

Limebaki jambo moja ambalo mwongozo peke yake hauwezi kulimaliza. Barua inayoingia nayo ni maneno, na wakala huyatii maneno. Mwezi Juni 2025 ilielezwa hadharani kasoro iliyoitwa EchoLeak katika msaidizi wa Microsoft 365 Copilot: barua moja iliyotungwa kwa hila iliweza kumfanya avujishe taarifa za ndani bila mwenye akaunti kubofya chochote. Microsoft iliiziba. Lakini kwa ofisi ya forodha, ambayo hupokea barua za watu isiowajua tangu asubuhi hadi jioni, mimi ningetaka zana mbili zilizo mbalimbali: moja ya kuandika rasimu, ambayo wakala aitumie apendavyo, na nyingine ya kutuma, ambayo ufunguo wake ubaki kwa karani aliyeketi mezani.